Kahawa ya Nyumbani na Mambo Yake

Katika nyumba yetu ya serikali hapa Mbale yapo mambo mawili ambayo mimi hujivunia mbele ya wageni: tuta la dodo lililo nyuma ya jiko, na kahawa. Kahawa hiyo haitoki dukani. Mama yangu mzazi hunipelekea buni kutoka Masaka kila apatapo mtu wa kumtuma, nami huzikaanga katika chungu, nikazitwanga kinuni na kuzichemsha kama alivyonifundisha. Majirani huicheka kazi hiyo, maana wao wamezungukwa na arabika ya Mlima Elgon, ambayo ni laini ulimini, ilhali yangu ni robusta, chungu na nzito.

Jirani mmoja hakucheka. Yeye ni askari polisi, na siku moja akirudi kutoka lindoni saa 11 alfajiri alinikuta nikiwasha sigiri, nikamkaribisha. Alikunywa vikombe viwili. Jioni alinijia macho mekundu.

"Mwalimu," akasema (nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, na jina hilo halijaniacha), "kahawa yako ingefaa kupewa wahalifu kabla ya mahojiano. Nimelala chali mchana kutwa nikihesabu mabati."

Nilimwomba radhi, kisha nikafungua vitabu. Kitu kilichomkosesha afande usingizi ni kafeini, ambayo Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1819, baada ya mshairi Goethe kumpa punje za kahawa azichunguze. Robusta, ambayo humea yenyewe katika misitu yetu kama ule wa Kibale, ina kafeini karibu maradufu ya arabika: kiasi cha asilimia 2.2 kwa asilimia 1.2. Tena, mwili wa mtu mzima huhitaji takriban saa 5 kuondoa nusu yake tu. Basi afande aliyekunywa alfajiri alikuwa bado na nusu ya kafeini hiyo mwilini ilipofika saa 4 asubuhi, na robo yake saa 9 alasiri. Kwa mtu wa zamu ya usiku, kikombe hicho kilipaswa kunywewa mwanzoni mwa lindo, wala si mwishoni.

Jambo la pili lilinitahayarisha zaidi. Nilikuwa nikimwaga mashapo ya kahawa juu ya tuta la dodo, kwa kuamini kwamba kila kilicho cheusi ni mbolea. Mbegu nyingine hazikuota, na zilizoota zilidumaa zikawa na majani ya kimanjano. Kumbe mbuni (nasema mti, si yule ndege mwenye mbio) haukutengeneza kafeini kwa ajili ya kutuchangamsha. Kwake ni silaha dhidi ya wadudu walao majani, na pia huweza kuzuia mbegu nyingine kuota. Mwaka 2002 wataalamu huko Hawaii walitangaza kwamba maji yenye asilimia 2 ya kafeini huwaua konokono. Mashapo hubaki na sehemu ya sumu hiyo. Yakichanganywa na majani makavu na samadi, yakaachwa yaoze miezi kadhaa, huwa mboji nzuri, kwani yana nitrojeni. Yakimwagwa mabichi juu ya miche, huidumaza. Nililima tuta upya.

Hayo mawili yangeishia katika kicheko, kama si la tatu.

Mama watoto alikuwa mjamzito wa miezi sita. Alianza kuona kizunguzungu akiinama kuchota maji, na ngazi tatu za mlango wetu zikawa mlima kwake. Katika kliniki ya wajawazito walimpima damu: gramu 9.4, ilhali mjamzito hatakiwi kuwa chini ya 11. Walimpima malaria, hakuwa nayo. Wakampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Kisha mkunga akamwuliza swali ambalo mimi nisingalifikiria kuliuliza: "Chakula chako unakiteremshia nini?"

Jibu lilikuwa kahawa yangu. Kila mchana, mara baada ya maharagwe na dodo, nilimletea kikombe mimi mwenyewe, nikiona nimemtendea heshima. Nami nikasoma tena, safari hii kwa moyo mzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 ulionyesha kwamba kikombe cha kahawa pamoja na mlo kilipunguza kwa asilimia 39 madini ya chuma ambayo mwili huyachukua kutoka katika chakula. Chai iliyapunguza kwa asilimia 64. Kikinywewa saa moja kabla ya mlo hakikudhuru. Kikinywewa saa moja baada yake, kilidhuru vilevile. Hapa kosa si la kafeini, bali la vitu viitwavyo polifenoli, ambavyo hushikamana na chuma tumboni, hasa kile kitokacho katika maharagwe na mboga. Tena, katika miezi ya mwisho ya ujauzito nusu ya kafeini huweza kukaa mwilini hata saa 15.

Sidai kwamba kikombe changu pekee ndicho kilichomtoa damu; ujauzito wenyewe hudai chuma kingi. Lakini nilikuwa nikimpa dodo kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine.

"Mbona hukuniambia kwamba hukipendi?" nilimwuliza, kwa kuwa siku hiyo ndipo alipokiri kwamba uchungu wa robusta haujapata kumpendeza.

"Baba watoto," akajibu, "ulikuwa unakileta wewe mwenyewe."

Sikuwa na la kusema. Tangu siku ile, baada ya mlo humletea chungwa, kwani vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma, naye humeza vidonge vyake kwa maji matupu. Baada ya majuma sita kipimo kilisoma 10.6. Bado hakijafika, lakini ngazi anazipanda bila kushika ukuta.

Juma lililopita kifurushi kingine cha buni kimewasili kutoka Masaka. Afande ameomba afahamishwe siku nitakayokaanga, ili atazame kwanza orodha ya zamu.