Kima Punju wa Jozani, Protini na Akili Mnemba



Wapendwa, katika msitu wa Jozani wamo kima punju na kima wengine. Mgeni huwachanganya, mtoto wa kijiji cha Pete hakosei. Hakukariri kanuni yoyote, bali ameonyeshwa wengi, huyu punju, yule siye, hata jicho likazoea. Kompyuta nayo hufundishwa hivyo kuainisha protini.

Protini ni mnyororo wa vijenzi viitwavyo asidi amino, vya aina 20, nao hujikunja ukapata umbo. Umbo ndilo linaloamua kazi. Hemoglobini, ibebayo oksijeni damuni, ina minyororo minne. Katika mnyororo wa beta wenye vijenzi 146, kikibadilika kile cha sita tu, na badiliko hilo likarithiwa kwa wazazi wote wawili, mtoto huugua selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayelirithi kwa mzazi mmoja hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo sababu limeenea kwetu. Si laana, wala si kazi ya mchawi, kama tunavyosikia bado misibani.

Ugumu wa kompyuta ni kuchagua alama za kutazama. Rangi ya mgongo husaidia kumtambua punju, ila mwanga wa msituni hudanganya. Kukosa kidole gumba hakudanganyi. Protini zina alama nyingi mno. Basi wataalamu hukusanya mafungu ya alama kwa kubahatisha, hupima kila fungu linavyoainisha kwa usahihi, huunganisha yaliyo bora, huyabadili kidogo, kisha hupima tena, kizazi baada ya kizazi. Njia hii, aliyoieleza John Holland katika kitabu chake cha 1975, inaiga mageuko ya viumbe.

Je, bahati nasibu imetwaa nafasi ya Muumba? Hasha. Kipimo cha ubora kimewekwa na mtu, na maumbile anayoyaiga hakuyaumba yeye. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliiambia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu. Hati ya Vatikani *Antiqua et Nova*, ya Januari 2025, nayo yaiona akili mnemba kuwa zao la akili ya binadamu.

Kutambua selimundu, hata hivyo, hakuhitaji kompyuta hizo. Kipimo cha damu chatosha. Wachumba wanaojiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa wapime mapema: wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaliwa mtoto mgonjwa.