Pipa la Mafuta Linaposema: Fani na Maudhui Katika Kisiwa cha Trinidad

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuipasua kazi ya sanaa vipande viwili: maudhui huku, fani kule. Mtihani ukija tunaorodhesha dhamira, migogoro na ujumbe. Kisha tunapiga mstari na kuanza kuhesabu wahusika, mandhari na tamathali za semi, kana kwamba fani ni kanzu tu anayovishwa mtu aliyekwisha kuumbwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo hautoshi. Ushahidi wangu nautoa mbali kidogo, katika kisiwa cha Trinidad, kusini mwa visiwa vya Karibi, ambako bahari inayokitenga na Venezuela, pale ilipo nyembamba, ni kama kilomita 11 tu. Nimeichagua Trinidad kwa sababu huko fani ilipigwa marufuku kwa sheria. Na dola, wenzangu, haihangaiki kupiga marufuku pambo.

Vitabu vya watalii navyo hukipasua kisiwa hiki kama tunavyopasua riwaya: urithi ukurasa huu, muziki ukurasa ule, na vivutio vya asili kwingine kabisa. Hebu tujaribu kuvisoma vyote kwa pamoja.

Ngoma iliyokatazwa

Trinidad ilikuwa koloni la Hispania. Mwaka 1783 Wahispania waliwafungulia mlango walowezi Wakatoliki, wengi wao Wafaransa, waliokuja na watumwa wao. Mwaka 1797 Waingereza wakakitwaa kisiwa. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, ingawa watu walipata uhuru kamili mwaka 1838. Halafu, kati ya 1845 na 1917, Wahindi zaidi ya 140,000 wakaletwa kwa mikataba kufanya kazi katika mashamba ya miwa.

Kanivali ya kabla ya Kwaresima ilikuwa sherehe ya mabwana. Walioachwa huru wakaiteka. Walileta kitu kiitwacho Canboulay, jina litokanalo na maneno ya Kifaransa yenye maana ya miwa iliyoungua. Zamani shamba likishika moto watumwa walikurupushwa usiku kwenda kuuzima. Sasa watu huru wakauigiza usiku ule wa mateso kwa mienge, ngoma na mchezo wa fimbo. Mwaka 1881 polisi walipotaka kuyazima maandamano hayo mjini Port of Spain, mapigano makali yakazuka. Mwaka 1884 sheria ikaja: ngoma marufuku, mikusanyiko ya fimbo marufuku.

Sasa basi, tujiulize: ngoma ile ilikuwa na ujumbe gani hata iogopwe hivyo? Haikuwa na kauli mbiu. Ilikuwa mdundo tu. Lakini mdundo ule ndio uliowakusanya watu, na kukusanyika ndiyo ilikuwa habari yenyewe.

Watu wakafanya nini? Wakakata mianzi. Vipande virefu vilipigwa chini vikatoa besi, vifupi vikagongwa kwa vijiti, na muziki huo ukaitwa tamboo bamboo. Kufikia miaka ya 1930 vijana wa mitaa ya walalahoi wakaongeza mabati, makopo ya biskuti na vyuma vya magari, na katika miaka ya 1940 wakafikia pipa la mafuta la galoni 55. Kitako cha pipa hupondwa kwa nyundo hadi kibonyee kama bakuli. Mipaka ya noti huchorwa, chuma huchomwa moto, na fundi hugonga kila eneo polepole mpaka litoe noti yake. Pipa likiachwa refu sauti huwa nzito. Likikatwa fupi huwa nyembamba. Hiyo ndiyo ala iitwayo pan. Mwaka 1951 kikundi cha TASPO kilipelekwa London kuipiga kwenye Tamasha la Uingereza, na Waingereza wakashangaa: kumbe pipa linaimba!

Ardhi yenyewe

Hapa ndipo vivutio vya asili vinapoingia. Kusini-magharibi mwa kisiwa, mahali paitwapo La Brea, kuna Ziwa la Lami lenye ukubwa wa hekta 40 hivi, ambalo mtu anaweza kutembea juu yake. Mwaka 1595 Walter Raleigh alitumia lami hiyo kuziba nyufa za merikebu zake. Wenyeji wa asili walikuwa na kisasili chao: kwamba kijiji kilimezwa pale kwa sababu watu wake walikula ndege wadogo waliobeba roho za wahenga. Tazama tofauti ya wasomaji hawa wawili. Mgeni anaona bidhaa; mwenyeji anaona hukumu. Lami ni ileile.

Lami hiyo ni dalili ya mafuta yaliyo chini ya ardhi. Nchi inayochimba mafuta, na ambayo wakati wa Vita vya Pili ilijaa kambi za jeshi la Marekani, haikosi mapipa matupu. Kwa hiyo pan haikuteremka kutoka mawinguni. Imetoka katika ardhi, uchumi na makatazo ya mahali pale. Ukiniuliza pan inahusu nini, nitakujibu kwamba inahusu kile ilichotengenezwa nacho.

Maneno nayo

Huenda mtu akasema: sawa, hiyo ni ala, haina maneno, fasihi ni maneno. Haya, tutazame kalipso. Ni utungo wa kuimbwa unaosimulia kisa, wenye vina na kiitikio, na ndani yake kuna picong, yaani vijembe vya kurushiana papo kwa papo, kama mipasho. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilijipa kwa sheria uwezo wa kuzinyamazisha kalipso. Manju Atilla the Hun, ambaye jina lake halisi ni Raymond Quevedo, aliimba juu ya mgomo wa wafanyakazi wa mafuta wa mwaka 1937, na baadaye akaingia katika baraza la kutunga sheria. Lord Invader alitunga wimbo kuhusu askari wa Kimarekani na pesa zao. Wamarekani wakauchukua, ukavuma kwao mwaka 1945 kama wimbo wa starehe, hata manju akalazimika kudai haki yake mahakamani. Kejeli ilikuwa bado imo katika maneno. Kilichobadilika ni mwimbaji, mahali na hadhira, na wimbo ukawa mwingine.

Riwaya ya Earl Lovelace, The Dragon Can't Dance (1979), imelielewa jambo hili kuliko sisi wahakiki. Aldrick, mkazi wa kilima cha maskini, kila mwaka hushona vazi la joka la kanivali, gamba kwa gamba. Vazi hilo ndilo usemi wake. Fisheye, mbabe wa kikundi cha pan, anapotea dira pale makampuni yanapoanza kufadhili vikundi na kudai vijana watulie. Mwishowe wanateka gari la polisi na kuzunguka mjini wakihutubia kwa kipaza sauti. Maneno wanayo tele, lakini hawajui waende nayo wapi. Mimi naisoma sehemu hiyo kama maudhui yaliyokosa fani. Naye Pariag, Mhindi asiyehesabiwa na jirani zake, anakuja kujutia kwamba hakuingia katika uwanja wa pan na ala yake mwenyewe. Tatizo la utaifa, kwa Lovelace, ni suala la nani apige nini, pamoja na nani.

Pingamizi na hitimisho

Najua pingamizi. Pan ilitangazwa ala ya taifa mwaka 1992. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliipa siku yake, tarehe 11 Agosti. Mwaka 2024 serikali ikatangaza kwamba merikebu tatu za Columbus zitaondolewa katika nembo ya taifa ili pan iwekwe. Je, fani iliyokuwa ya wahuni ikishakaa kwenye nembo, bado inasema yaleyale? Hapana, haisemi yaleyale. Lakini jibu hilo linaniunga mkono: fani ikihamishwa mahali, maudhui huhama nayo.

Katika kinamasi cha Caroni, penye mikoko, jioni hutua kwarara wekundu, ndege wa taifa wa Trinidad. Kinda lake si jekundu. Wekundu huja kutokana na kaa na kamba anaowala humohumo matopeni. Hakupakwa rangi, ameila.

Basi, tukirudi darasani, naomba tujaribu jambo moja. Tunaposoma utenzi, ngonjera au riwaya, tusianze na “mwandishi anasema nini?” Tuulize kwanza: kwa nini ilibidi aseme hivi, na ni nani angependa asiseme hivyo?