Kibana Sauti na Lango la Sauti

Miongoni mwa vyombo vya urekodi viko viwili ambavyo majina yake yatudai uangalifu. Jina baya la chombo humfanya mtumiaji atarajie kazi ambayo chombo hicho hakiifanyi.

Tuchukue mfano wa fundi anayerekodi ngoma na waimbaji kijijini, karibu na Sumbawanga, wakati wa kiangazi. Uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni nchi ya nyasi yenye miti michache, na upepo wake huingia katika kipaza sauti bila hodi. Kiongozi aimbapo peke yake sauti ni ndogo. Waitikiaji na ngoma wapokeapo, kipimo huruka hadi kwenye nyekundu.

Chombo cha kwanza, ambacho mafundi hukiita kompresa, hupunguza tofauti hiyo. Fundi huchagua kiwango, nasi twakiita kizingiti. Sauti iliyo chini yake hupita kama ilivyo. Inayokivuka hupunguzwa kwa uwiano. Mathalani, uwiano ukiwa 4 kwa 1, sauti inayozidi kizingiti kwa desibeli 12 hutoka ikikizidi kwa desibeli 3 tu. Kisha sauti yote huongezwa nguvu, na upepo nao hupanda. Muda wa kushika ukiwa mfupi mno, pigo la mkono juu ya ngozi huwa butu.

Wako wanaopenda neno kigandamizi. Sisi twaona mgandamizo ubaki katika fizikia ya hewa na vimiminika. Kwa kuwa tunazo tayari kinasa sauti na kipaza sauti, kibana sauti litaeleweka bila mwalimu. Lakini kitendo chenyewe kiitwe kubana nguvu za sauti, kisije kikachanganywa na kubana faili la kompyuta, ambako hupunguzwa ukubwa wa faili, si nguvu za mlio.

Chombo cha pili ni kile kiitwacho geti na mafundi. Sauti ikishuka chini ya kizingiti, hufunga, ikipanda, hufungua. Kizuia kelele ni jina linalovutia, nalo si la kweli: lango likiwa wazi, upepo hupita pamoja na mwimbaji. Kilichofichwa ni upepo wa wakati wa kimya tu. Aliyeamini jina hilo ataacha nyumbani kifuniko cha sponji, ambacho ndicho kingemfaa. Lango la kelele nalo lina utata, kwani laweza kudhaniwa kuwa ndiko kelele ziingiliako! Twapendekeza lango la sauti.

Jambo hili lagusa lugha yenyewe. Katika Kiswahili mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu ya mwisho hutamkwa kwa unyonge. Hata hivyo irabu hiyo ndiyo itenganishayo asoma na asome, yaani habari na agizo. Lango lenye kizingiti cha juu na muda mfupi wa kuachia huila. Katika masimulizi ya wazee yanayorekodiwa kwa Kifipa, ambayo kesho yaweza kuwa chanzo cha kamusi, hasara hiyo hairudishiki. Heri lango lipunguze sauti kwa desibeli 10 hivi bila kufunga kabisa, na kazi hiyo ifanywe juu ya nakala, kanda ya asili ibaki kama ilivyonaswa.