Kabla ya Kununua Krimu, Pita Konyokonyo

Mteja akikaa kwenye kiti changu cha saluni na kulalamika kwamba ngozi yake imeharibika, mimi huanza kwa kumwangalia visigino. Hapa Juba, kati ya Desemba na Machi, mvua hukatika, upepo huwa mkavu, vumbi huingia kila mahali, na miguu ya kandambili hupasuka magaga hadi kutoa damu. Machi 2024 joto lilipanda kiasi kwamba serikali ilifunga shule nchi nzima. Ngozi iliyopitia hali hiyo haina haja ya manukato. Inataka mafuta ya kuzuia unyevu wake usitoke, na mafuta hayo yanauzwa na kina mama sokoni Konyokonyo, tena kwenye chupa za kawaida za maji ya kunywa.

Ni mafuta ya lulu, ambayo wauza vipodozi huyaita siagi ya shea. Nilisoma Kakuma, Kenya, na marafiki zangu Wakenya wanaokuja kufanya kazi huku wanaijua shea kama kitu kigumu kwenye kopo, kilichotoka Afrika Magharibi. Ya kwetu ni laini. Mti ni uleule, lakini aina ya bonde la Nile, inayoota Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, ina asidi ya oleiki nyingi zaidi, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni. Kwa joto la Juba huyeyuka yenyewe chupani.

Kazi ya kuyatengeneza ni ya wanawake, tangu kuokota hadi kuuza. Tunda huanguka lenyewe likiiva. Watoto hula nyama yake tamu, kokwa hubaki. Kokwa huchemshwa, huanikwa na kuvunjwa. Kiini hukaangwa, hutwangwa au husagwa, kisha rojo lake hupikwa kwa maji mpaka mafuta yaelee na kuenguliwa. Kwa hiyo ukisikia harufu ya moshi usiogope, imetoka kwenye kule kukaangwa. Harufu ya kukwepa ni ule ukali wa mafuta yaliyochacha, na mara nyingi chanzo chake ni maji yaliyobaki ndani. Mimi huyapasha upya kwenye sufuria, moto mdogo. Mwanzoni hutatarika na kutoa povu. Yakinyamaza, ujue maji yamekwisha. Nayachuja kwa kitambaa safi cha pamba na kuyatia kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa.

Matumizi yake ni mepesi. Oga, jifute kidogo, na upake ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu, maana mafuta hayaongezi maji, huyafungia tu yaliyopo. Kwa magaga, loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu, paka, uvae soksi ulale nazo. Kwenye nywele, tone dogo kwenye ncha linatosha. Mwenye uso wa mafuta na chunusi ayapitishe mbali na uso. Na anayeyatumia mara ya kwanza ajaribu kwanza ndani ya kiwiko, asubiri hadi kesho yake. Hayatibu mapunye wala upele. Hayo ni ya kituo cha afya.

Wanaonisumbua moyo ni dada zangu wanaopita lulu na kwenda kununua krimu za kung'arisha. Nimepokea hapa nyuso zilizoungua, mashavu mekundu na paji jeusi, na wenyewe wanaficha kwa shela. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hupenya ngozini na kuharibu figo. Nyingine zina haidrokwinoni au steroidi kali zinazoikondesha ngozi hadi mishipa ionekane. Mama mjamzito akijipaka zebaki, inamfikia mtoto tumboni. Kama kopo halisemi kilichomo, liache dukani.

Lulu huliwa pia. Kina mama wengi huunga nayo mboga, na mimi huipenda kwenye kudra, majani ambayo Watanzania huyaita mlenda, kwa ugali wa mtama. Kijiko kimoja kwa sufuria kinatosha; ni mafuta kama mafuta mengine, na karibu theluthi yake ni yale mazito yasiyofaa kuzidishwa. Kudra yenyewe ina madini ya chuma na vitamini A, na mafuta kidogo husaidia mwili kuifyonza hiyo vitamini. Magadi mengi huua vitamini nyingine, basi tia kwa kiasi.

Kinywaji cha saluni yangu ni karkade, yaani choya. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio kwa watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo: waliokunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6, presha yao ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 7. Hicho si kibali cha kuacha dawa. Pia walikunywa chai hiyo bila kuijaza sukari tunayoijaza sisi.

Nirudi kwenye lulu, maana mti wake uko hatarini. Jiji hili linapika kwa mkaa, na mti huo hutoa mkaa mzuri. Huchukua takriban miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, shoka huumaliza kwa saa moja. Nchini Uganda, mwaka 2023, rais alipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini, ambako miti hiyo ilikuwa inakwisha. Sisi wa Juba tunaweza kuanza na pesa zetu: nunua mafuta kwa mama wa Konyokonyo, mwulize anatoka wapi, urudi kwake tena. Kijiji kinachopata fedha kila msimu kutokana na matunda kina sababu ya kumzuia mchoma mkaa asiuguse mti.