Chuo Kilicho Karibu Nasi



Kwetu Pwani, mtoto akisema "natoka chuoni", bibi yake hufahamu kuwa ametoka kusoma Kurani. Katika miji ya Uingereza neno hilo limepata maana nyingine: chuo cha mji, kilicho baina ya skuli ya sekondari na chuo kikuu. Wazazi wengi wetu hukidharau. Tumekuja na imani kuwa elimu ni udaktari au uanasheria, na kijana akitaja ufundi wa umeme tunaona haya kuwasimulia jamaa.

Tuutazame mji wa Luton, kaskazini ya London. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu humo watu zaidi ya 225,000, na takriban mmoja katika kila watatu alijiandikisha kuwa Mwislamu. Mji huu uliishi kwa kushona kofia, kisha kwa magari. Kiwanda cha Vauxhall kilichofunguliwa mwaka 1905 kiliacha kuunda magari madogo mwaka 2002, na kile cha magari ya mizigo kikafungwa mwaka 2025. Chuo cha mji, Barnfield, kilifunguliwa mwaka 1968 na mwaka 2019 kiliunganishwa na chuo cha West Herts cha Watford. Katika mji uliopotewa na kiwanda chake, cheti cha ufundi si jambo la kuonea haya.

Kijana aliye chini ya miaka 19 hatozwi ada. Tangu mwaka 2015 sheria ya England inamtaka abaki katika masomo au mafunzo mpaka atimize miaka 18, na asiyepata daraja la 4 katika Kiingereza na hesabu huendelea na masomo hayo chuoni. Posho ya kila wiki waliyoizoea kaka zake ilifutwa mwaka 2011; badala yake chuo hutoa msaada wa nauli na vifaa kwa wenye kipato kidogo, nao hautolewi kwa asiyeuomba.

Lakini chuo hiki si cha vijana peke yao. Wamo mama zetu waliokaa nchi hii miaka mingi, na hadi leo humchukua mtoto wa miaka kumi awatafsirie mbele ya daktari. Mtoto huyo husikia siri za mwili wa mamake ambazo hakupaswa kuzisikia. Madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima yapo katika vyuo hivi, na wenye mishahara midogo au wanaopokea msaada wa serikali mara nyingi husoma bure. Mume asiseme "nani atapika?"

Kuna jambo zito hapa. Mtu mzima anayetaka kozi ya maandalizi ya kuingia chuo kikuu, kama vile ya uuguzi, aghalabu huelekezwa kwenye mkopo wa serikali, nao una riba. Sheria ya mwaka 2017 ilimpa waziri uwezo wa kuanzisha mpango mbadala usio na riba, lakini miaka ilipita na wanafunzi wakawa bado wanaungoja. Wapo waliokata tamaa ya masomo kwa sababu hiyo, nasi hatuwalaumu. Ijulikane tu kuwa mkopo wa kozi hiyo ya maandalizi husamehewa uliobaki, mwanafunzi akishamaliza shahada ya chuo kikuu. Hukumu yake waulizwe maulamaa. Na kabla ya kutia saini, chuo kiulizwe kama mwombaji anastahiki kusoma bure au kulipa kwa mafungu.

Matokeo ya GCSE hutoka mwezi wa Agosti, na nafasi za ufundi hujaa upesi. Msingoje Septemba. Chukueni pasi, karatasi za ukaazi, hati ya mshahara, na vyeti vya nyumbani hata kama vimechakaa, mwende mkaulize wenyewe, mzazi pamoja na mtoto.