Komunyo, ushirika na usharika

Maneno haya hukaribiana, lakini hayatumiki sawa kila mahali. Komunyo, neno lenye asili ya Kilatini, hutumiwa zaidi na Wakatoliki: muumini hupokea komunyo, yaani hukomunika, katika adhimisho la Ekaristi. Walutheri na Waanglikana husema Ushirika Mtakatifu, Meza ya Bwana au Chakula cha Bwana, na waumini hushiriki. Usharika, kwa Walutheri, ni jumuiya ya waumini wa mahali pamoja. Mmoja wao ni msharika.

Shina shiriki lina asili ya Kiarabu, na ndilo lililozaa pia ushirikina. Mwandishi na achunge silabi hiyo moja: ikiongezwa kimakosa, ibada hugeuka shutuma.

Mkate na divai ni ukumbusho wa karamu ya mwisho ya Yesu na wanafunzi wake, na wa kifo chake. Wakatoliki huamini kwamba hugeuka kuwa mwili na damu yake. Walutheri, kwamba Kristo yumo kweli pamoja navyo. Wakristo wengine huona humo ishara ya ukumbusho.

Kusudi jingine limo katika neno lenyewe. Katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, Mtume Paulo anawakemea waliokula wakashiba na kulewa huku maskini wakikaa na njaa. Kwake, huko hakukuwa kula Chakula cha Bwana. Kushiriki ni kula pamoja na mwenzio. Anayemsahau jirani amekula mkate, hajashiriki.