Kabla ya Kununua Labrador: Mwongozo kwa Familia

Mbwa wa aina ya Labrador Retriever husifiwa kwa upole wake kwa watoto na kwa wepesi wake wa kujifunza. Sifa hizo ni za kweli, lakini hazitoshi kuwa sababu ya kununua. Mtumiaji anayevutiwa na mtoto wa mbwa wa kilo chache akumbuke kuwa, akikua, mnyama huyo atafikia takriban kilo 25 hadi 36, atakuwa na nguvu nyingi, na kwa kawaida ataishi miaka 10 hadi 12. Asiyeyatafakari hayo mapema huweza kuishia kumfunga mbwa mnyororo uani, na hapo hasara huwa ya pande zote mbili.

Asili na tabia

Aina hii inatokana na mbwa waliowasaidia wavuvi wa Newfoundland, Kanada, kuvuta kamba na nyavu majini. Nchini Uingereza waliendelezwa kwa kazi ya kuokota na kuleta ndege waliowindwa, na mwaka 1903 Kennel Club iliitambua rasmi aina hiyo. Kwa hiyo kukimbia, kuogelea na kubeba vitu mdomoni si utundu, bali ni urithi. Asipopewa kazi, atajitafutia mwenyewe: viatu vitatafunwa na bustani itachimbwa.

Mazoezi

Mbwa aliyekomaa na mwenye afya njema huhitaji takriban saa mbili za matembezi na michezo kila siku. Katika miji ya joto kama Dar es Salaam na Tanga, atembezwe alfajiri au jioni, kwa kuwa ana manyoya ya tabaka mbili na huupoza mwili hasa kwa kuhema. Mtoto wa mbwa asilazimishwe kukimbia mwendo mrefu, maana viungo vyake bado vinakua.

Lishe

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kuwa baadhi ya Labrador wana hitilafu katika jeni iitwayo POMC, inayohusiana na hamu kubwa ya chakula. Hivyo, macho ya kuomba si ushahidi wa njaa. Chakula kipimwe, na mbavu zake ziweze kuhisiwa kwa kiganja bila kubonyeza kwa nguvu. Unene huvielemea viungo vya nyonga na viwiko, ambavyo katika aina hii huweza kuwa na kasoro za kurithi. Asipewe chokoleti, vitunguu, zabibu wala mifupa iliyopikwa.

Afya na usalama

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Kupe wadhibitiwe wakati wote, kwani hueneza magonjwa yanayoweza kuua. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata awe mpole kiasi gani. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Unaponunua

Kabla ya kulipa, mtumiaji unashauriwa:

1. Usinunue kwa picha pekee. Fika mahali anapofugwa, umwone pia mama yake.
2. Usimchukue mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki nane.
3. Dai kadi ya chanjo yenye jina na saini ya daktari wa mifugo.
4. Uliza iwapo nyonga na viwiko vya wazazi vimewahi kupimwa, na uoneshwe majibu.
5. Dai risiti, pamoja na makubaliano ya maandishi kuhusu hatua zitakazochukuliwa mbwa akigundulika kuwa na ugonjwa aliokuja nao.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze ipasavyo. Wajibu huo haumalizwi na bei ya kununulia. Unaendelea kupitia gharama za chakula, chanjo na matibabu kila mwaka. Iwapo nyumbani hakuna mtu mwenye nafasi ya kumtembeza kila siku, ni busara kuahirisha ununuzi kuliko kumnunua mbwa na kumwacha kifungoni.